Nusu ya Somo la Buibui

Wiki jana, hapa nyumbani Garissa, mjukuu wangu aliinua ufagio amuue buibui dirishani. Alikuwa mmoja wa wale wadogo wasiotega utando, wanaowinda kwa kuruka. Nikamshika mkono. Si kwamba nilimhurumia buibui. Nilitaka kumtazama macho, na nilipoyatazama nikakumbuka mambo niliyodhani nimeyazika.

Miaka ile ya vita vya kutaka kujitenga, rafiki yangu, sisi wafugaji tulikusanywa na serikali kijiji kimoja, tukazungushiwa seng'enge, na geti lilifunguliwa saa za mchana tu. Mifugo iliruhusiwa karibu na ua, lakini majani ya pale yaliisha mapema. Ayeyo, yaani bibi yangu aliyenilea, alikuwa na ngamia watatu wa maziwa. Kila adhuhuri aliwapitisha kwa siri nje ya mpaka tuliowekewa, hadi kwenye migunga iliyokuwa bado na majani. Tuliishi kwa maziwa hayo. Aliyaweka katika chombo kilichofukizwa moshi, na ladha ile sijaionja tena kwingine.

Yeye ndiye aliyenipeleka shule. "Kukosa elimu ni kukosa mwanga," alikuwa akisema, nami kila jioni nilimsimulia nilichofundishwa, huku nikijiona mkubwa.

Siku moja mwalimu wetu, kijana kutoka pwani, alileta nzi kwenye chupa moja na buibui wa aina hii ya kuruka kwenye nyingine. Alisema jicho la nzi ni vijicho maelfu vilivyoshikana, kila kimoja kikiona kipande chake, ndiyo maana ukiinua mkono tu ameshakwenda. Buibui hana jicho la namna hiyo. Huyu wetu alikuwa na macho manane, kila moja na kioo chake kimoja. "Yale ya pembeni hayajui wewe ni nani," alisema. "Yanajua tu kwamba kuna kitu kinasogea." Hapo nikasikia wanawake wakielekea getini. Nilikuwa nimeahidi kumsaidia ayeyo na ngamia, nikaomba ruhusa nikatoka mbio. Somo likaendelea bila mimi.

Tulikuwa mbali porini tuliposikia ndege ndogo ya doria. Siku zote ayeyo aliwakimbizia ngamia kichakani. Safari hii nilimzuia. Nikamwambia, kwa kiburi cha mtoto aliyesoma, kwamba jicho huona kinachosogea, tukitulia hatutaonekana. Akanitazama kidogo, akaniamini. Akawapigisha ngamia magoti pale pale peupe, nasi tukachutama kando yao. Ndege ikapita. Nilianza kutabasamu. Kisha ikageuka, ikarudi chini chini kutuelekea.

Lori la askari lilifika kabla ya alasiri. Waliwachukua ngamia wote watatu, nasi wakaturudisha kijijini. Ayeyo hakunigombeza, na hilo liliniuma kuliko fimbo.

Asubuhi alinifuata hadi darasani. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni. "Mwalimu," alisema, "hii mutoto naletea mimi nusu ya maneno. Ile ingine iko wabi?"

Mwalimu hakujua yaliyotupata. Akaeleza kwa furaha kwamba buibui huyu akihisi kitu kwa macho ya pembeni, hugeuza mwili mzima, akakikazia yale mawili makubwa ya mbele. Hayo huona umbo lenyewe, hata likiwa limetulia. Ayeyo alisikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa. "Haya," akasema. "Sasa nimesikia."

Nilitamani ardhi inimeze. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi ndiye niliyeyamwaga.

Tangu siku hiyo alikaa nje ya dirisha la darasa kila siku, mgongo wake ukutani, mpaka kengele ya mwisho. Leo seng'enge ile imeng'olewa, pamejengwa maduka, na ayeyo alifariki bila kukamua tena ngamia wake mwenyewe. Siku zile mwalimu alizoea kumsifu mbele ya wenzangu: tazameni bibi anavyopenda elimu. Mimi niliinamisha kichwa juu ya daftari. Nilijua kwamba geti lilikuwa limefunguliwa, wanawake wenzake walikuwa wametoka na wanyama wao, naye hakuwa tena na mnyama wa kutoka naye.