Moshi wa Mang'ola

Bartolomeo aliendesha lori la hoteli moja ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, na alijulikana kwa mwendo wa pole. Ignas, utingo wake, alizoea kumtania: "Bwana mkubwa, konokono katupita tena." Naye hujibu, "Konokono hajawahi kupinduka."

Masika ya mwaka 1987 lori lilipinduka.

Siku ile walitumwa Mang'ola kuchukua vitunguu. Walikuta mgambo wameng'oa bangi iliyopandwa kwa siri mashambani. Wakaomba lori liibebe mpaka shimo la kuchomea, kisha wakampa Bartolomeo uma wa shamba ageuze rundo likiungua. Upepo kutoka ziwa la jirani ulimwelekea yeye. Alisimama ndani ya moshi mpaka yote ikawa majivu.

Alasiri walipanda mlima, Ignas akiwa juu ya magunia, ukungu ukawafunika. Penye kona alisimama mwanamke katikati ya barabara, amewapa mgongo. Alivaa sketi ya ngozi kama walivyovaa mabibi wa Kiiraqw zamani, na kibuyu begani. Honi ililia, hakugeuka. Bartolomeo akakata usukani. Lori likalala ubavu, Ignas akafa chini ya vitunguu.

Watu walipofika hawakuona mwanamke, wala alama ya mguu kwenye tope.

Kampuni yenye hoteli ilikuwa ya wageni, wenye taratibu zao. Walichukua mkojo wa dereva wakaupeleka Nairobi. Jibu likarudi: bangi.

"Mimi hata sigara sijui ladha yake," alimwambia Rafaeli, mwenyekiti wa kamati ya wafanyakazi.

"Najua. Tutasema moshi ulikuingia bila hiari yako, ukiwa kazini. Ila yule mama wa kibuyu mwache huko huko kwenye ukungu."

"Nilimwona, Rafaeli."

"Moshi ndio ulikuonyesha. Au unataka kusema ulimwona ukiwa na akili zako timamu? Nani atampa gari mtu anayeona wasiokuwapo?"

Siku ya kikao cha kumhoji dereva, Josephati, mkuu wa mgambo, alipanda kutoka Mang'ola kuja kumtetea.

"Uma nilimpa mimi," alisema. "Na moshi ule haukuwa wa mchezo, meneja. Mbuzi wa jirani walisinzia mchana kweupe."

Hata meneja alicheka. Kisha akamgeukia dereva. "Kwa hiyo barabarani hapakuwa na mtu?"

Bartolomeo alimtazama Rafaeli. "Hapakuwa na mtu. Moshi ulinichezea macho."

Wakamrudishia funguo.

Kabla ya kuanza kazi alikwenda Endamarariek kwa Evarista, mjane wa Ignas. Alimkuta akipukuchua mahindi uani.

"Shemeji, watu wanasema ulimkwepa mtu," mama yule alisema bila kuinua macho. "Kama Ignas alikufa ili mwingine apone, nitajitahidi nilale. Niambie tu."

Neno lilimfika mdomoni. Lakini kutoka Endamarariek mpaka hotelini maneno husafiri upesi kuliko magari, naye Bartolomeo ana watoto wanaokula kwa usukani ule.

"Hapakuwa na mtu, shemeji. Ni moshi tu."

Evarista aliweka gunzi chini. "Basi alikufa bure."

Kipupwe kikaingia. Bangi ya Mang'ola ilikwisha mwilini mwa dereva zamani, majivu yake yalishapeperushwa mpaka ziwani. Bartolomeo hakuruhusu tena mtu kupanda juu ya mzigo, hivyo Piusi, utingo mpya, alikaa naye mbele. Siku moja ukungu ulishuka wakiwa njiani, na penye kona ile ile alisimama mwanamke, mgongo kwao, kibuyu begani.

Bartolomeo akafunga breki taratibu.

"Mbona tumesimama, mzee?"

"Napisha mtu."

Piusi alifuta kioo kwa kiganja. Akatazama mbele, akatazama tena. "Mtu gani?"

Bartolomeo alizima injini, akachomoa funguo, akaziweka juu ya dashibodi.

"Kesho nakwenda Endamarariek," alisema. "Sikumwambia Evarista kwamba palikuwa na mtu."

"Ukisema hivyo, mzee, kazi huna."

"Kazi ataifanya asiyemwona."

Baridi ikapenya milangoni. Piusi hakuacha kufuta kioo. Mbele yao kibuyu kilikuwa hakijasogea.