Generoza na Mpaka Uliokatika

Suzan alizaliwa Kasulo, vidole vitatu vya kila mkono vimeshikana. Scolastica, shangazi wa baba wa mtoto, hakumtazama kichanga. Alimtazama mama yake.

"Generoza, ulimcheka kilema ukiwa mjamzito."

Generoza hakumcheka mtu. Lakini neno la shangazi lilikwenda mbio kuliko yeye. Akifika kwenye palizi ya maharage, wanawake wananyamaza. Kwenye jumuiya ya kanisa wakamwombea atubu. Mumewe, Telesfori, alikuwa mpole, ila mbele ya shangazi aliyemlea hakuwa na ulimi.

"Sitatubu nisilolitenda," Generoza alimwambia. Na sokoni alimbeba mtoto mbele, mikono yake wazi, kila mtu aione.

Suzan alipokaribia kuanza shule, madaktari wa upasuaji walifika wilayani. Miongoni mwao alikuwa Dokta Anneth, mzaliwa wa Biharamulo, mtaalamu wa magonjwa ya kurithi. Alichukua damu ya mtoto na ya wazazi wote wawili, akaipeleka kupimwa. Majibu yalipotoka, akawaita.

"Ndani ya mwili kuna uzi mrefu, DNA," alisema. "Umekunjwa vitanzi vitanzi. Kati ya kitanzi na kitanzi kuna mpaka, amri za kujenga mwili zilizo huku zisivuke kule. Kwa Suzan mpaka mmoja umekatika, amri zikavuka, vidole vikashikana."

"Mlijuaje pa kutazama?" Generoza aliuliza.

"Mpaka huo ng'ombe anao, hata panya anao, mahali palepale. Tuliachana na wanyama hao zamani mno, lakini mpaka wenyewe umebaki. Kitu kisichobadilika muda wote huo kina kazi kubwa. Tulianzia hapo." Akamgeukia Telesfori. "Baba Suzan, hebu vua viatu."

Vidole viwili vya mguu wake vilikuwa vimeungana.

"Hivi ni vya ukoo," Telesfori alisema, akitabasamu. "Marehemu baba alikuwa navyo. Hata shangazi..."

"Mpaka uliokatika umetoka kwako," daktari alisema. "Si kosa lako. Wala la mkeo."

Generoza alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Jumuiya ilipokutana tena, Telesfori alisimama peku mbele ya wote. "Shikamoo, shangazi. Mke wangu hana kosa. Tazameni mguu wangu." Akaeleza yote aliyosema daktari.

Scolastica aliutazama mguu ule. Kisha akainama, akavua soksi zake.

"Nilikuonea, mwanangu," alimwambia Generoza.

"Ulinionea sana, shangazi," Generoza akajibu. Hakulipunguza neno. Lakini alimsogezea kiti.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Bandeji zilipofunguliwa, Suzan alinyoosha vidole kimoja kimoja, akavitumia vyote kumvuta mama yake sikio. Generoza akapiga vigelegele wodini. Muuguzi alikuja kumnyamazisha, akaiona ile mikono, naye akavipokea.