Feni Iliyosinzia

Walimwita Polepole, maana hata chai iliyopoa huipuliza. Kazi yake ni kuandika programu za mashine, na iliyomkosesha raha ilikuwa ya kutotolea vifaranga, chumbani kwa shangazi yake. Ndani yake, kwa lugha ya C, aliweka vibarua wawili wasioonekana, wanaofanya kazi kwa wakati mmoja: mmoja anapima joto, mwingine analala mpaka aitwe awashe feni. Kwa kawaida huitikia. Lakini kuna siku aliitwa akanyamaza, joto likapanda, trei nzima ya mayai ikaharibika.

"Na haya ndiyo ya mwisho," shangazi alisema. "Yakiiva nayo, mwanangu, mashine yako naifanya kabati la vyombo."

"Nipe leo tu, shangazi."

Akaketi kando ya mashine, kompyuta mapajani, programu ikiwa wazi. Mchana ulikuwa mzito. Mwanga wa manjano ulipita kwenye kioo kidogo, mayai yametulia kama yanayosikiliza. Mistari ikaanza kuelea, kope zikashuka. Pale mpakani, si macho si usingizi, sauti ya shangazi ikapita kwa mbali, kama ya mtu aliye ng'ambo ya maji. Akaisikia, asiisikie, akazama.

Alipozinduka, shangazi alikuwa amesimama mlangoni.

"Nimekuita ukaguna, nikajua unakuja. Kumbe ndiyo kwanza unakoroma."

"Uliniita nikiwa macho, au nimeshalala?"

"Nitajuaje miye? Ulikuwa unafumba macho."

Polepole akatabasamu taratibu. Kumbe na kibarua wa feni ndivyo: anatazama, haoni kazi, anajilaza, wito unamkuta katika kufumba kule kwa jicho, unapita zake. Wito haumngoji mtu.

Akaandika upya. Mpima joto asiite tu. Kwanza aweke ujumbe kikapuni, ndipo agonge. Kikapu kiwe na kufuli, anayeweka na anayechungulia wasikiguse pamoja. Na wa feni asilale kabla hajachungulia, kufuli li mkononi mwake, aliachie katika pumzi ileile anayolala.

Kisha akakifumbata kipimajoto kiganjani kipate joto, akakiachia, akakifumbata tena, mpaka jua likahama dirishani. Kila mara feni ilivuma, laini, kama mtu anayeitika labeka.

Shangazi akasikiliza. Akatoka, akarudi na trei nyingine kaikumbatia kifuani.

"Haya nilikuficha," alisema. "Sogea niyapange."