Mutu wa Udongo

Mimi ni mutu wa hasira, sitaficha. Ndiyo maana mukono wangu wa kuume uko na kovu la meno ya mutoto.

Mutoto mwenyewe ni wa kaka yangu. Kaka alikuwa anachimba dhahabu huko Salamabila. Asubuhi moja watu wenye silaha waliingia kambini, wakamukata kwa panga mbele ya binti yake. Waliobaki wakakimbia, maiti wakaiacha palepale. Musichana akaletwa kwangu Kasongo kwa pikipiki, miaka saba, vumbi mpaka kwenye kope, na neno halikutoka mudomoni mwake. Miezi mine, kimya! Niliogopa kwamba sauti yake nayo ilibaki kule.

Nyuma ya kanisa la paruasi kulikuwa na mama mumoja anayechezesha watoto waliokimbia vita: udongo, vijiti, vitambaa. Nikamupeleka, shingo upande. Siku ya tatu nikapita kuchungulia. Wee! Alikuwa amefinyanga mutu, anamukata kwa kijiti cha mwanzi. Mukono. Mukono wa pili. Shingo. Halafu akamulaza kwenye shimo, akaanza kumufukia.

Kwetu mutoto hachezi maziko. Anayecheza maziko anaita kifo nyumbani, kila mutu anajua, na mimi niko na wadogo watatu nyumbani! Damu ikanichemka. Nilikuwa natoka sokoni na mwiko mupya wa bugali. Nikamuchapa nao mugongoni, nikamugeukia yule mutu wa udongo, nikamuponda mpaka akawa tope tu. Musichana akanirukia, meno yakazama mukononi, damu ikachuruzika. Nikamupiga tena. Nasema ukweli: nilimupiga kama mutu anayepiga nyoka.

Yule mama akaninyang'anya mwiko. "Mama, unamupigia nini? Huu muchezo ndio maneno yake! Kesho kuja, kaa chini, nyamaza. Akikupa kitu, pokea."

Kesho yake nilirudi, mukono umefungwa kitambaa, moyo bado umenivimba. Musichana akafinyanga mutu tena, mukubwa zaidi. Akamukata tena, na kila pigo nilifumba macho. Halafu akaninyooshea kipande cha nguo nyeupe. Sanda. Kaka yangu hakuvikwa sanda. Matanga hatukukaa, kwa sababu hakukuwa na maiti, na mimi sikuwa nimelia hata siku moja. Nilikuwa nagombana tu: na majirani, na watoto, na sufuria.

Nikamuviringisha yule mutu nguo. Nikamulaza kwenye shimo. Kilio kikanitoka, kile chenyewe cha matanga, mpaka watoto wengine wakaacha kucheza.

Musichana akanitazama. Akaukamata mukono wangu wenye kitambaa, akaubana chini kwa nguvu zake zote.

"Shangazi," akasema, sauti imemukwaruza, "usimupige baba tena."