Mguu Ulioruka Wenyewe

Katika wiki ya sita, mguu wa kulia wa Dismasi uliruka. Mkewe, Spesiosa, alikuwa akimfuta miguu kwa kitambaa cha maji baridi. Kitambaa kilipopita chini ya unyayo, goti likakunjika na kisigino kikagonga chuma cha kitanda. Spesiosa aliachia beseni, akapiga kigelegele. Wodi nzima ya wanaume ikageuka.

"Baba Ella! Umeuona?"

Dismasi alikuwa akitazama dari. "Nimeona nini?"

Alikuwa na miaka thelathini na tisa, na kumi na sita kati ya hiyo alikuwa akibeba mizigo kwenye bandari ndogo ya Kibirizi. Wenzake walimwita Winchi, kwa sababu alipita na mifuko miwili ya saruji kwa mpigo juu ya ubao mwembamba unaotoka ufukweni kuingia botini. Siku ya ajali wimbi lilisukuma boti la kwenda Mwamgongo akiwa katikati ya ubao. Alianguka chali, mgongo ukapiga ukingo wa boti, akaserereka hadi kwenye maji ya kina cha goti.

Wapagazi wenzake walikuwa na desturi yao. Aliyeanguka husimamishwa hapohapo, kabla hata mzigo wake haujaokotwa, maana mpagazi akionekana amelala chini, wenye mizigo humhesabu kuwa amekwisha na hawamwiti tena. Kaka yake, Anatoli, alikuwa abiria wa boti hilo, akirudi kijijini kwao, Mwamgongo. Ndiye aliyeruka wa kwanza na kumshika kwapani. "Simama, Winchi! Simama, mwanamume!" walimpigia kelele. Walimsimamisha mara tatu. Mara ya tatu ndipo mmoja wao alipogundua kwamba miguu ilikuwa inaburuzwa.

Picha iliyopigwa hospitalini ilionyesha kwamba pingili ya kumi ya kifua imepasuka. Verediana, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, hakumzungusha. Alivuta kiti, akamwambia kwamba ndani ya pingili za mgongo hupita ugwe, kamba laini yenye unene wa kidole kidogo, ambayo ni mwendelezo wa ubongo. Kutoka kwenye ugwe huo hutoka neva jozi thelathini na moja, kila jozi ikiwa na yake ya kulia na ya kushoto. Ndani ya neva hizo, nyuzi nyingine hupeleka amri kwenye misuli, na nyingine hurudisha habari za joto, maumivu na mguso.

"Zilizotoka juu ya jeraha zinaongea na ubongo wako kama kawaida," alisema. "Za chini hazijafa. Ila hazisikiki kule juu, na zenyewe hazisikii."

Alimgusa kwa ncha ya pini kuanzia shingoni, akishuka. Dismasi aliitikia kila mara: hapo, hapo, hapo. Kwenye kitovu pini ikapotea.

Tangu siku ile alikuwa amelazwa bapa, akigeuzwa kila baada ya saa mbili. Verediana alimweleza bila kupaka sukari: aliyepooza hauawi na mgongo, anauawa na vidonda vya kulalia na mkojo unaorudi kwenye figo. Alihitaji miezi mingine mitatu pale ili mfupa ushike, na ajifunze kujigeuza, kutoa mkojo kwa mpira na kuhamia kwenye kiti cha magurudumu. Akiondoka kabla ya hapo, hawezi kufika Krismasi.

Sasa mguu ulikuwa umeruka, na habari ilifika Mwamgongo kabla ya jua kuchwa.

Anatoli alikuja kesho yake na wapagazi wawili. Tangu baba yao afariki, neno lake ndilo lililokuwa la mwisho katika familia.

"Shemeji ameniambia kila kitu," alisema, akifungasha nguo za mgonjwa kwenye mfuko. "Boti linaondoka saa saba. Kijijini yuko mzee wa kunyoosha viungo. Atakufunga kwenye nguzo mbili, kila asubuhi unasimama. Mwezi mmoja tu."

"Kaka, mimi siendi."

"Winchi anaogopa nguzo!" mmoja wa wapagazi alicheka. "Ameshanogewa na uji wa bure."

"Mwacheni, amezoea kufutwa miguu kama bwana harusi," alisema mwingine.

Dismasi alicheka pia, kwa sababu kifua bado kilikuwa chake. Kisha akamwomba mkewe amwite Verediana.

Verediana alikuja, akapitisha ukucha chini ya unyayo wa kulia. Mguu uliruka. Wapagazi wakashangilia.

"Msishangilie," alisema. "Habari imetoka kwenye ngozi, ikaingia kwenye ugwe chini ya jeraha, ikageuzwa hukohuko na kurudi kwenye msuli. Haijapanda ubongoni. Yeye hana habari."

"Dada yangu," Anatoli alisema kwa upole wa mtu anayemhurumia msomi, "mguu uliokufa haupigi teke."

Dismasi alimtazama mkewe. Spesiosa aliinamisha macho na kuanza kukunja shuka. Dismasi akaelewa kwamba ameshindwa kwa kura. Mguu wake mwenyewe ulikuwa umetoa ushahidi dhidi yake, na mikono minne iliyozoea saruji ilikuwa tayari kumbeba. Angepiga kelele, wangesema ni woga wa mgonjwa. Angepambana nao, walikuwa wengi.

"Nitakwenda," alisema, "kwa sharti moja. Mama Ella, nifunike macho na khanga yako. Kaka, wewe niguse mguuni. Popote. Nikikwambia umeshika wapi, nibebeni."

Anatoli alikubali mara moja, kama mtu aliyepewa ushindi mkononi. Khanga ilifungwa.

Alianza na kidole gumba. Akakibonyeza, kisha akakifinya. Akashika kifundo, akakikamua. Akafinya paja kwa kucha mbili mpaka ngozi ikabaki na alama. Dismasi alikuwa kimya, uso umeelekea juu, kama mtu anayesubiri kuitwa jina. Anatoli alirudi kwenye unyayo, akauchapa kwa kiganja. Mguu ulikunjika kwa nguvu, goti likamgonga kifuani.

"Kaka," Dismasi aliuliza kutoka chini ya khanga, "bado hujaanza?"

Spesiosa alitoka nje mbio, ameziba mdomo. Wapagazi wawili walitazama sakafu.

Anatoli alikaa ukingoni mwa kitanda. Alifungua khanga mwenyewe, polepole.

"Uliacha kuhisi lini, mdogo wangu? Ni lile boti?"

Hilo Dismasi hakuwahi kumwambia mtu. Alipokuwa amelala kwenye maji aliuhisi mchanga. Ulikuwa ukitembea chini ya visigino vyake kila wimbi liliporudi nyuma, na maji yalikuwa ya uvuguvugu. Kisha mikono ilimshika kwapani, akasikia sauti ya kaka yake sikioni, mgongo ukajipinda, na palepale mchanga ukapotea chini ya visigino.

"Ni boti," alisema. "Palepale nilipopiga ukingo."

Anatoli alishusha pumzi ndefu. "Kwa hiyo hata tungekuacha chini..."

"Hata mngeniacha."

Saa saba ilipita na boti likaondoka bila wao. Ulipofika wakati wa kumgeuza, Anatoli aliomba afundishwe. Verediana alimweka upande wa kushoto wa kitanda, akamwonyesha.

"Usivute. Kiganja kimoja begani, kingine nyongani. Mwili wote uende pamoja, kama gogo."

Anatoli aliweka viganja viwili. Dismasi alihisi kimoja.