Makufuli ya Njano

Anayesema mji mdogo ni mahali pa kupumzisha roho hajawahi kuchonga funguo. Mwanamke huyu alihamia na jiliwa la marehemu mume wake, kile chuma cha kubania kazi, limefungwa ndani ya shuka, tupa zake kwenye kopo la maziwa, na mama yake mzazi amekaa juu ya mizigo kama hakimu. Huko jijini walikotoka, shemeji zake walikuwa wameshika kibanda cha mume mara tu baada ya mazishi, na mtaa wenyewe ulikuwa na wachonga funguo wengi kuliko milango. Huku hakukuwa na hata mmoja. Aliuliza, akaambiwa hakuna, akafurahi, masikini, bila kujiuliza kwa nini.

Alipanga chumba chenye mlango wa barabarani, katikati ya kinyozi na duka la nafaka. Mbele ilikuwa kazi, nyuma ya pazia kitanda cha mama na godoro lake yeye. Siku ya kufungua alifanya kile ambacho wenzake wote wa kazi hufanya kule alikotoka. Alichukua funguo zilizoharibika, zile ambazo tupa ilipitiliza au zimevunjika shingo, akazitunga kwenye waya na kuuning'iniza mtungo huo mlangoni. Ndiyo alama ya kazi. Hata asiyejua kusoma akipita anajua fundi yuko hapa, na hakuna anayeutazama mtungo mara mbili, maana kila mtu anajua ni takataka.

Huku waliutazama. Walisimama ng'ambo ya barabara na kuutazama, wengine mikono kiunoni, kisha wakaenda zao bila salamu. Wiki nzima hakupata mteja. Alipoanza kuwapata, walikuja wakamsimamia kichwani kama polisi tangu tupa inagusa chuma hadi inaachia. Mama mmoja alipopewa ufunguo wake aliinama, akayazoa makombo ya chuma kwenye kiganja, akayafunga kwenye pindo la nguo. Alipoulizwa ya nini, alisema huwezi jua mtu anaweza kuyafanyia nini. Fundi alicheka. Mama yake, nyuma ya pazia, hakucheka.

Ni kinyozi aliyemfumbua macho. Kinyozi huyo alikuwa na mdomo usiojua kufungwa, na mara hii moja mdomo huo ulimsaidia mtu. Alimwambia kwamba mji mzima unamwita Mama Funguo, na kwamba mji mzima unaamini kila anapochonga ufunguo wa mtu huchonga wa pili kimyakimya, akautundika pale mlangoni. "Wanasema milango yetu yote umeitundika, dada yangu," alisema, akipuliza nywele kwenye mashine yake. "Mimi siamini. Ila hata mimi, nikilala, naweka kiti nyuma ya mlango."

Angeutoa mtungo siku ileile, yangeisha. Lakini alikaa akafikiri, na kufikiri kukamponza. Akiutoa, watasema ameuficha. Akiuacha, wataendelea kuuhesabu. Aliuacha. Tangu siku hiyo hofu ilimwingia na ikakaa, ikila naye na kulala naye. Mtu akipita haraka mlangoni, aliacha kazi na kusikiliza. Watu wakicheka kwa kinyozi, aliona wanamcheka yeye. Alizoea kushukuru kila kunapokucha bila habari ya wizi, maana alijua wizi wa kwanza utakuwa wake.

Halafu akagundua jambo baya zaidi.

Fundi cherehani alileta kufuli lake la njano atengenezewe ufunguo wa pili. Wa kwanza aliouchonga tupa ilipitiliza kidogo begani. Ulifungua, ila akaona si kazi ya kumkabidhi mtu, akachonga mwingine, na ule ulioharibika, kwa mazoea tu ya mkono, akautia kwenye mtungo. Alasiri hiyo kulikuwa na kufuli jingine la njano mezani, la mwalimu, lenye kutu. Ili aone kama kutu imetoka aliingiza ufunguo uliokuwa karibu na mkono wake. Kufuli likafunguka. Alipotazama vizuri aliona ufunguo alioshika ni wa fundi cherehani.

Alikaa chini. Alijua maana yake, kwani mume wake aliwahi kumwonyesha. Makufuli ya bei ya chini hutoka kiwandani na meno ya namna chache tu, na kreti moja inaweza kuwa na ndugu mapacha wengi. Mji huu wote ulinunua kwa mtu mmoja, mwenye duka la vifaa waliyemwita Bwana Misumari, na karibu kila mlango ulikuwa na njano yake. Baada ya hapo, kila lilipoletwa la njano alingoja mwenye kufuli ageuke, akalijaribu kwa ufunguo wa mwenzake. Machache yalikataa. Mengi yalifunguka.

Sasa jamani, jambo hilo unamwambia nani? Mgeni, mchonga funguo, anasimama barabarani na kutangaza kwamba anaweza kufungua milango ya watu. Alimwambia mama yake tu. Bibi kizee akamwambia afunge mdomo, maana mjini hapa hakuna mtu wa kumkingia kifua. Akafunga mdomo. Na ndani ya mji ule wenye milango mia moja, yeye pekee alikuwa anajua kwamba karibu hakuna hata mmoja uliofungwa kweli. Kila alipoona mtu anabana kufuli lake na kulivuta kuhakikisha, aligeuza uso.

Wizi wa kwanza ulifika asubuhi ya soko. Dada wa duka la dawa alikuta kufuli limening'inia mahali pake, limebanwa vizuri, hakuna kilichovunjwa wala kukwaruzwa, na rafu za ndani tupu. Fundi alisikia habari kabla hajaambiwa. Alisikia barabara imenyamaza, mashine ya kinyozi imezimwa, halafu viatu vingi vinakuja upande wake. Alimsukuma mama yake nyuma ya pazia, naye mama akatoka tena na kusimama kando yake.

Bwana Misumari alikuwa mbele. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mzee mnene, mwenye sauti, aliyezoea kusikilizwa, na siku hiyo alikuwa na watu wengi nyuma yake, jambo linaloweza kumharibu yeyote. Aliung'oa mtungo mlangoni akautikisa juu. Alisema hakuna haja ya kubishana, watakwenda kujaribu, na mlango wenyewe utasema. Watu wakaitikia. Mmoja alikuwa na fimbo. Fundi akaona wengine wanaokota mawe bila haraka, kama watu wanaochagua viazi.

Walimtanguliza. Kutoka kwake hadi duka la dawa ni mwendo mfupi, na mwendo huo wote alikuwa na kitu kimoja kichwani: ule ufunguo uliopitiliza begani. Ulikuwa humo kwenye waya. Aliutia mwenyewe kwa mkono wake, na hakuthubutu kuutoa maana walikuwa wanazihesabu. Hakujua kama kufuli la duka la dawa ni pacha wake, maana halijawahi kufika mezani kwake, lakini alijua lilikuwa la njano. Aliogopa kwa namna ambayo hajawahi kuogopa hata siku mume wake alipoacha kupumua mikononi mwake.

Bwana Misumari akaanza. Ufunguo wa kwanza haukuingia. Wa pili uliingia nusu. Mwingine haukuwa na meno kabisa, na watu wakacheka kidogo, na kwa kicheko kile fundi alipata pumzi. Akajaribu mwingine, na mwingine. Wapo walioanza kuchoka. Fundi cherehani aliyekuwa nyuma alisema labda yule mama hana hatia, watu wana kazi za kufanya. Mchonga funguo alikuwa anauona ufunguo ule ukisogea kwenye waya kuelekea vidole vya Bwana Misumari.

Ukaingia wote. Bwana Misumari akazungusha. Kufuli likafunguka.

Mtu alimshika mkono juu ya kiwiko, akaubana mpaka vidole vya mkono huo vikafa ganzi. Alimsikia mama yake nyuma akisema, "Niueni mimi kwanza, mimi nimeshaishi." Mwenye fimbo alisogea. Fundi akamtafuta dada wa duka la dawa kwa macho, kwa sababu yeye ndiye aliyeibiwa, na mtu aliyeibiwa hutaka kujua, wakati wenzake wanataka tu kupiga.

"Dada," alisema, na sauti iliyotoka ilikuwa ndogo kiasi kwamba ilibidi watu wakae kimya waisikie. "Kabla hawajanifanya kitu. Chukua ufunguo wa Bwana Misumari, ule wa kwake mwenyewe wa mfukoni. Ujaribu hapo."

Bwana Misumari aliuliza upuuzi gani huo. Dada wa duka la dawa alimtazama fundi, akamtazama Bwana Misumari, akanyoosha mkono. Alisema dawa zilizoibwa ni zake na atajaribu anachotaka. Mzee akatoa ufunguo wake huku akinung'unika. Fundi alifumba macho, kwa kuwa machache yalikuwa yanakataa, na kama hili ni mojawapo, hakuwa na neno jingine duniani. Alisikia dada akilibana kufuli. Kisha akasikia mlio mdogo anaoujua kuliko jina lake.

Alipofumbua macho, dada alikuwa ameshika kufuli wazi na watu wote wanamtazama Bwana Misumari. Kinyozi, bila kuambiwa na mtu, alitoa wake. Haukufungua. Fundi cherehani akatoa wake, ukafungua. Mwalimu akatoa wake, ukafungua. Baada ya hapo walikuja wakisukumana, kila mtu na ufunguo mkononi, na kila ulipofungua mwenyewe aliurudisha mfukoni haraka kana kwamba umemuunguza. Mkono uliokuwa umembana fundi uliachia.

"Kwa hiyo aliyeiba," alisema dada wa duka la dawa polepole, "anaweza kuwa yeyote kati yetu."

Hapo wangeweza kutazamana. Lakini kutazamana ni kazi ngumu, na kulikuwa na mtu mmoja karibu. Mwenye fimbo ndiye aliyeuliza ni nani aliyewauzia makufuli haya, na watu waliokuwa nyuma ya Bwana Misumari asubuhi ile walijikuta wamemzunguka. Yeye alijaribu kutoa ile sauti yake kubwa, ikatoka kama ya mtoto. Alisema alinunua kreti zima kwa muuza jumla, kufuli ni kufuli, yeye angejuaje. Mawe yalikuwa bado mikononi mwa watu.

Fundi angeweza kumshika mama yake mkono wakaondoka. Hakuna aliyekuwa anamtazama tena. Kwa kweli aligeuka, akapiga hatua, na mtu mwenye akili timamu asingemlaumu. Lakini alikuwa ameuona uso wa yule mzee, midomo imekauka, macho yanatafuta mtu mmoja tu wa kuyapokea, akajua anatafuta nini kwa kuwa na yeye alitoka kukitafuta. Akarudi.

"Angejua, angefunga duka lake kwa kufuli lilelile?" alisema. "Nendeni mkatazame mlango wake. Mimi nilijua. Nilijua tangu alipokuja fundi cherehani, na sikusema, kwa sababu niliwaogopa ninyi. Mkitaka mtu wa kumpiga kwa kujua, ni mimi."

Walikwenda kutazama. Duka la vifaa, lenye mali kuliko duka lolote mjini, lilikuwa limefungwa kwa kufuli la njano, na fundi cherehani alilifungua kwa ufunguo wa kibanda chake. Walisimama pale. Kisha mwanamke mmoja akasema kwamba ameacha nyumba peke yake, akaondoka kwa haraka. Mwingine akakumbuka cherehani yake, mwingine mbuzi wake. Wakaanza kutembea, kisha wakaanza kukimbia, kila mtu upande wake, wakiangaliana kwa pembeni kuona nani anakwenda wapi. Mawe yalidondoka yalipodondokea. Ndani ya muda mfupi barabara ilikuwa tupu, na milango ikasikika ikibanwa kutoka ndani kwa meza, kwa makabati, kwa chochote kizito.

Bwana Misumari alikaa kwenye ngazi ya duka lake, akafuta uso kwa pindo la shati. Alimwuliza fundi kama ana makufuli ya namna nyingine. Fundi akasema hana, itabidi ayaagize, yatachukua muda. Mzee akatazama barabara, nyumba moja baada ya nyingine, nyumba za watu aliosalimiana nao maisha yake yote.

"Na mpaka yafike," akauliza, "mimi nitalala vipi?"

"Kama nilivyolala mimi tangu nije," alisema Mama Funguo, akakaa kando yake.