Fundi Anayebisha Hodi kwenye Sanduku la Nyarugusu

Kitendawili! Nina mlango hauna bawaba wala komeo. Nikibisha, unaniuliza mimi nani. Nami, nikiwa na akili, nauuliza wewe ni nani. Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Nachukua Kagongwa, niwaonyeshe.

Saa moja asubuhi, Violeth Mabula ameinamia kompyuta ya kuazima kwenye kibanda chake, nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga. Ni fundi kompyuta, ana miaka thelathini na minne. Kompyuta yake iliungua kwa radi Jumapili, ikaondoka na funguo zote za siri alizokuwa akiingilia kwenye mashine za wateja. Anaanza upya.

Kwenye benchi ameketi mama mmoja, kitenge chake kina matope hadi magotini. Ni Nyamizi, mama yake Makoye.

"Makoye wangu yumo?"

"Shikamoo mama. Bado sijaingia."

"Marahaba. Nasubiri."

Jana mchana, huko Nyarugusu, duara moja, shimo la wachimbaji wadogo wa dhahabu, lilititia. Wametolewa watu tisa, Makoye hayumo, na waokoaji wanasema hao ndio wote. Karani aliyeandika majina ya walioshuka, lake likiwamo, ni mmoja wa hao tisa, naye hatasema tena. Daftari lake limefukiwa.

Limebaki jambo moja. Kila asubuhi karani aliupiga picha ukurasa wa siku, na picha ikahifadhiwa kwenye sanduku la diski ofisini kwa kikundi. Sanduku halina skrini. Huingiwa kwa mbali, kupitia dirisha jeusi la kompyuta ambamo mtu huandika amri kwa herufi tupu, na kila kinachopita njiani hufungwa kwa siri.

Kwa kazi ya kulitunza kikundi humlipa Violeth laki moja na nusu kwa mwezi. "Si haba," anasema, "ila hainunui usingizi."

Sanduku limeitika. Kompyuta ya kuazima inasema hailijui, inaonyesha alama yake ya utambulisho, herufi na tarakimu arobaini na tatu, kisha inauliza: aendelee, ndiyo au hapana?

Violeth haandiki kitu. Anampigia Valerian, mlinzi wa ofisi ya kikundi pale karibu na duara, amsomee alama iliyobandikwa kwenye sanduku.

"Dada Vio, andika ndiyo tu! Waokoaji wanakusanya sepetu waondoke huku!"

"Waambie wangoje. Wewe soma. Hiyo k, kubwa au ndogo?"

"Ndogo! Mungu wangu, unanifundisha herufi saa hizi?"

Simu inakatika kwenye herufi ya thelathini. Anapiga tena.

"Kwetu Usukumani mgeni hapigi hodi tu ukamfungulia," Violeth anasema, macho hayatoki kwenye skrini. "Utamuuliza mtoto wa nani."

Mwaka juzi, duara jingine lilipotitia, hakuuliza. Aliandika ndiyo kwa haraka, kumbe ameingia kwenye sanduku la zamani lililosahauliwa likiwaka. Akasoma orodha ya wiki iliyotangulia, akawaambia wazazi wa kijana Enock kwamba mtoto wao hakushuka. Uokoaji ukafungwa. Nyumbani kwao wakamsongea ugali wa kumpokea.

"Alipatikana siku ya tatu," anasema. "Mkono umeshika sepetu."

Ana mpango. Akijaliwa, atamfundisha Loveness, binti wa marehemu karani, naye awe na ufunguo wake kulekule Nyarugusu. "Mlango wa watu wengi usiwe na mtu mmoja."

Herufi ya arobaini na tatu imelingana. Anaandika ndiyo, kisha nywila. Sanduku linafunguka. Ufunguo mpya atauweka baadaye. Anaitafuta picha ya jana, anaitazama tarehe mara mbili, anaivuta. Inashuka kidogo kidogo, mstari kwa mstari, majina kwa kalamu ya bluu. Tisa. Kisha mstari wa kumi.

Nyamizi hajui kusoma. Anausoma uso wa fundi.

"Mwanangu?"

Violeth anaishika simu ambayo bado iko hewani. "Valerian, wasiweke sepetu chini." Kisha anamgeukia mama.

"Yumo, mama."